DAG HAMMARSKJÖLD: ALIYEKUFA AKIITAFUTIA KONGO AMANI



Katika toleo hili la kumbukumbu tunasimulia maisha ya mtu ambaye jina lake ni gumu kwa ndimi zetu, lakini kazi yake tunaiona kila siku. Tunaiona katika bendera ya buluu, katika magari meupe yanayotoka Mbarara kwa vumbi, na katika askari wa kofia za buluu ambao wengi wetu tuliwaacha nyuma huko tulikokimbia. Mtu huyo ni Dag Hammarskjöld, Katibu Mkuu wa pili wa Umoja wa Mataifa. Alikufa usiku wa kuamkia tarehe 18 Septemba 1961, ndege yake ilipokuwa ikishuka ili itue katika mji wa Ndola, nchi ambayo leo tunaiita Zambia.

Jina la Patrice Lumumba wengi wetu tumelisikia tangu tukiwa migongoni mwa mama zetu. Jina la Hammarskjöld tumelisikia kwa nadra, na mara nyingine kwa lawama. Kwa hiyo tutaeleza sifa zake na lawama zake pia, kwa sababu marehemu akisifiwa kwa uongo huwa hakukumbukwa.

UTOTO NA MASOMO

Dag Hammarskjöld alizaliwa tarehe 29 Julai 1905 katika mji wa Jönköping, nchi ya Sweden. Alikuwa mtoto wa nne na wa mwisho, wote wavulana. Baba yake, Hjalmar Hammarskjöld, alikuwa Waziri Mkuu wa Sweden tangu 1914 hadi 1917, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, na baadaye akarudia ugavana wa jimbo la Uppsala. Dag alikulia katika ngome ya kale ya mji huo, mahali palipokuwa makao ya gavana. Hakuonja njaa wala hakulala nje. Lakini katika nyumba ile alifundishwa kwamba mtu aliyepewa cheo amepewa mzigo, na kwamba mtumishi wa serikali hapaswi kujitafutia faida.

Alisoma lugha, falsafa, sheria na uchumi. Mwaka 1933 alipata udaktari wa uchumi katika Chuo Kikuu cha Stockholm. Tangu 1941 hadi 1948 alikuwa mwenyekiti wa bodi ya Benki Kuu ya Sweden, kisha akahamia Wizara ya Mambo ya Nje. Hakuoa wala hakupata watoto. Alipenda kupanda milima, kusoma mashairi na kukaa kimya. Watu waliofanya kazi naye walimwona mpole, lakini mgumu sana kumsukuma.

KATIBU MKUU

Mwezi Aprili 1953 alichaguliwa kuwa Katibu Mkuu baada ya Trygve Lie wa Norway. Mataifa makubwa wakati ule yalikuwa yamegawanyika, Marekani upande mmoja na Urusi ya Kisovieti upande wa pili. Yalimkubali kwa sababu yalidhani ni karani mtulivu ambaye angeshughulika na mafaili na kuwaacha wakubwa waendelee na mambo yao. Hayakumjua.

Mwezi Januari 1955 alikwenda Peking, ingawa China ya kikomunisti ilikuwa haijapewa kiti katika Umoja wa Mataifa. Alikwenda kuwaombea askari wa anga 11 wa Marekani waliokuwa wamefungwa huko kwa kosa la ujasusi. Hakupiga kelele magazetini. Alizungumza na Waziri Mkuu Zhou Enlai kwa siku kadhaa, akarudi mikono mitupu, akasubiri. Mwezi Agosti mwaka ule wafungwa wale waliachiliwa.

Mwaka 1956 Israeli, Uingereza na Ufaransa zilipoishambulia Misri kwa ajili ya Mfereji wa Suez, yeye pamoja na Lester Pearson wa Kanada walifanya kazi usiku na mchana kuunda jeshi la kwanza la Umoja wa Mataifa la kukaa katikati ya wanaopigana. Ndipo zilipoanza kofia za buluu.

Mwishoni mwa 1959 na mwanzoni mwa 1960 alizunguka Afrika, akapita katika nchi na makoloni zaidi ya 20. Aliona kwamba uhuru unakuja kwa kasi, na kwamba mataifa machanga yatahitaji mahali pa kukimbilia ili yasigeuzwe uwanja wa vita vya wakubwa. Tukumbuke kwamba miezi hiyohiyo ulikuwa unaadhimishwa Mwaka wa Wakimbizi Duniani, na miezi hiyohiyo Wanyarwanda waliokimbia machafuko ya Novemba 1959 walikuwa wakivuka mpaka kuja huku. Kambi yetu ya Nakivale ina umri wa matukio hayo.

MOTO WA KONGO

Kongo ilipata uhuru tarehe 30 Juni 1960. Siku chache baadaye askari waliwaasi maofisa wao Wabelgiji, na Ubelgiji ikarudisha majeshi yake bila ruhusa ya serikali mpya. Tarehe 11 Julai, Moïse Tshombe alitangaza kwamba jimbo la Katanga, lenye shaba, limejitenga. Aliungwa mkono na makampuni ya madini, maofisa Wabelgiji na askari mamluki. Rais Kasavubu na Waziri Mkuu Lumumba waliomba msaada wa Umoja wa Mataifa.

Hammarskjöld hakungoja taifa lolote kubwa lilete hoja. Alitumia haki aliyopewa na Mkataba wa Umoja wa Mataifa, akaliita Baraza la Usalama yeye mwenyewe. Alfajiri ya tarehe 14 Julai azimio lilipita, na baada ya siku moja tu askari wa kwanza walikuwa wakishuka Léopoldville, mji unaoitwa leo Kinshasa. Walitoka Tunisia, Ghana, Moroko, Ethiopia, Sweden, Ireland, India na kwingineko, wakafika karibu 20,000. Pamoja nao walikuja madaktari, mafundi na watumishi wa ofisi, na baadaye walimu wa sekondari walioletwa kupitia UNESCO, wengi wao kutoka Haiti. Wako wazee wa Kongo waliofundishwa hesabu na Kifaransa na walimu hao.

LAWAMA YA LUMUMBA

Hapa lazima tusimame, kwa maana najua kuna mzee atakayesoma ukurasa huu na kuuliza: je, si askari wa huyohuyo waliomwacha Lumumba auawe?

Swali hilo ni la haki. Lumumba alitaka jeshi la Umoja wa Mataifa limsaidie kuivunja Katanga kwa nguvu. Hammarskjöld alikataa, akisema jeshi lake halikutumwa kumpigania mtu yeyote katika ugomvi wa ndani. Wawili hao walikosana vibaya. Mwezi Septemba 1960 Kasavubu alimfukuza Lumumba kazini, na Kanali Mobutu akashika madaraka. Lumumba alikaa nyumbani kwake Léopoldville akilindwa na askari wa Umoja wa Mataifa. Usiku wa tarehe 27 Novemba alitoroka kuelekea Stanleyville, yaani Kisangani ya leo, akakamatwa njiani na askari wa Mobutu. Askari wa Umoja wa Mataifa waliokuwa karibu hawakuingilia, kwa kuwa amri iliyotoka juu ilisema wasiingilie. Tarehe 17 Januari 1961 alipelekwa Katanga pamoja na wenzake Mpolo na Okito, na usiku huo wote watatu waliuawa.

Amri ile ya kutoingilia iligharimu maisha ya watu, na Hammarskjöld ndiye aliyekuwa mkuu wa waliotoa amri. Hatuwezi kulifuta hilo. Tunachoweza kusema ni kwamba baada ya hapo hakurudi nyuma kutazama kwa mbali. Urusi ya Kisovieti ilimtaka ajiuzulu. Tayari mwezi Oktoba 1960, Khrushchev alipomshambulia mbele ya Baraza Kuu, yeye alijibu kwamba hatatoka. Alieleza kwamba wakubwa hawahitaji ulinzi wa Umoja wa Mataifa, bali wanaouhitaji ni wengine wote, na kama hao wanataka abaki, atabaki. Wajumbe wengi, hasa wa nchi changa, walisimama wakampigia makofi kwa muda mrefu.

Mwezi Februari 1961 Baraza la Usalama liliruhusu jeshi lake kutumia nguvu, kama njia ya mwisho, ili kuzuia vita vya wenyewe kwa wenyewe. Mwezi Agosti askari wa Umoja wa Mataifa walianza kuwakamata na kuwafukuza mamluki wa Katanga. Ndipo katika mji wa Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, Wabaluba makumi ya maelfu waliokuwa wakiwindwa na polisi wa Tshombe walikimbilia karibu na ngome za askari wa Umoja wa Mataifa. Waliweka vibanda vya matawi na magunia, wakahesabiwa, wakapewa chakula. Msomaji wa Nakivale hahitaji kuelezwa kambi ile ilifananaje.

USIKU WA NDOLA

Tarehe 13 Septemba 1961 Hammarskjöld alifika Léopoldville. Siku hiyohiyo mapigano makali yalikuwa yamezuka Elisabethville kati ya askari wake na wa Katanga. Kikosi cha Waairishi kilizingirwa katika mji wa Jadotville, Likasi ya leo, na ndege moja ya kivita ya Katanga ilikuwa ikiwasumbua watu wake kila siku. Aliamua kwenda mwenyewe kuonana na Tshombe ili wasimamishe vita. Walikubaliana wakutane Ndola, ng'ambo ya mpaka, katika Rhodesia ya Kaskazini iliyokuwa chini ya Waingereza na serikali ya walowezi.

Jumapili tarehe 17 Septemba, karibu saa kumi na moja jioni, aliondoka Léopoldville kwa ndege ya DC-6 iliyoitwa Albertina. Asubuhi yake ndege hiyo ilikuwa imepigwa risasi Elisabethville, ikakaguliwa na kutengenezwa. Ndani walikuwamo watu 16: Katibu Mkuu, washauri wake, katibu muhtasi Alice Lalande kutoka Kanada, walinzi, askari, na marubani na wahudumu wa ndege kutoka Sweden. Kwa kuogopa ndege ya Katanga, rubani hakupita njia fupi. Alizunguka mashariki kuelekea Ziwa Tanganyika, kisha akashuka kusini, na kwa saa nyingi hakusema neno kwenye redio.

Inafaa tueleze jinsi ndege inavyotua usiku, ili msomaji aelewe ugumu wake. Mchana rubani huona milima, miti na barabara. Usiku, juu ya msitu usio na taa, haoni kitu chini. Hutegemea vipimo vilivyo mbele yake, hasa kipimo cha kimo, na sauti ya mtu aliye katika mnara wa uwanja. Kwanza hupita karibu na uwanja ili ajue alipo, halafu huzunguka huku akishuka kidogo kidogo, mpaka ageukie njia ya kutulia. Nchi ya Ndola iko juu, zaidi ya mita 1,200 kutoka usawa wa bahari. Hapo kosa dogo la kimo, au kitu cha kumshtua rubani kwa sekunde chache, chaweza kumaliza kila kitu.

Saa sita na dakika kumi usiku rubani alisema anaziona taa za Ndola na anashuka. Hakusikika tena. Albertina iligusa vilele vya miti, ikafyeka njia ndefu msituni, ikaanguka na kuwaka moto. Mahali hapo ni kama kilomita 15 tu kutoka uwanjani, mwendo wa saa tatu kwa miguu.

Tshombe alikuwa Ndola akingoja. Wakubwa wa Kiingereza walikuwapo pia. Ndege iliyoonekana juu ya mji haikutua, na hakuna aliyetumwa kuitafuta usiku ule. Ilisemwa tu kwamba huenda Katibu Mkuu amebadili nia na kwenda kwingine. Taa za uwanja zikazimwa. Mabaki yalitangazwa kuonekana saa tisa na dakika kumi alasiri, saa 15 baada ya ajali. Mmoja kati ya wale 16 alikuwa bado hai. Alikuwa mlinzi Harold Julien, Mmarekani, ambaye alilala pale na majeraha ya moto tangu usiku wa manane na kupigwa na jua la Septemba. Alifariki hospitalini tarehe 23 Septemba.

WACHOMA MAKAA

Wapendwa wasomaji, sasa nafika kwenye jambo ambalo kwangu ndilo kubwa kuliko yote.

Katika msitu ule usiku ule walikuwamo watu. Walikuwa Waafrika wachoma makaa, waliokesha wakilinda matanuri yao yasipasuke na kuteketeza kuni. Kila mtu hapa anayechoma makaa anajua kwamba tanuri haliachwi. Walikuwa macho, na wengine katika vijiji vya karibu walikuwa macho vilevile. Baadhi yao walieleza kwamba waliona ndege mbili, kubwa na ndogo. Wengine walieleza kwamba waliona mwanga au moto juu kabla ndege kubwa haijaanguka. Julien naye kitandani alisema kuhusu mlipuko na cheche angani.

Tume ya serikali ya Rhodesia mwaka 1962 iliamua kwamba rubani alikosea akashuka chini mno. Maneno ya Waafrika wengi iliyaweka kando, ikayaona si ya kuaminika. Maneno ya Julien yalionekana ni ya mgonjwa aliyeweweseka. Wachoma makaa wengine walifungwa, kwa sababu asubuhi waliokota katika mabaki mashine ya maandishi ya siri, wakadhani ni taipureta. Walioona mambo hayo na wakajua wenzao wamefungwa, wangewezaje kujitokeza? Wengi walinyamaza. Tume ya Umoja wa Mataifa yenyewe, mwaka uleule wa 1962, haikutoa uamuzi juu ya sababu. Ilisema haiwezi kuthibitisha kosa la rubani, wala kukanusha hujuma au shambulio.

Miaka 50 ikapita. Watafiti walirudi vijijini karibu na Ndola, wakakuta wazee ambao hawajawahi kuulizwa, au waliwahi kuulizwa na kupuuzwa. Wazee wakasimulia. Mwanamaji wa zamani wa Marekani, Charles Southall, aliyefanya kazi katika kituo cha kunasa redio kisiwani Cyprus, alieleza pia kwamba usiku ule alisikia rekodi ya rubani akisimulia jinsi alivyoishambulia ndege. Mwaka 2013 tume ya majaji wa kujitolea ikasema kuna sababu ya kulifungua faili upya. Mwaka 2015 Umoja wa Mataifa ulimteua Mohamed Chande Othman, aliyekuwa wakati huo Jaji Mkuu wa Tanzania, aongoze jopo la uchunguzi, na baadaye akaendelea na kazi hiyo peke yake. Ripoti zake zinaeleza kwamba yawezekana ndege ilishambuliwa au ilitishwa kutoka nje, ingawa jambo hilo halijathibitishwa. Zinaeleza pia kwamba baadhi ya nchi, zikiwamo Uingereza, Marekani na Afrika Kusini, hazijafungua kumbukumbu zao inavyotakiwa.

Kwa hiyo hatuandiki hapa kwamba aliuawa, wala hatuandiki kwamba rubani alikosea. Tunaandika kwamba ukweli ungekuwa karibu zaidi kama wale wachoma makaa wangeulizwa kwa heshima asubuhi ile, na majibu yao yakaandikwa.

ALIYOYAACHA

Hammarskjöld alizikwa Uppsala tarehe 29 Septemba 1961. Mwaka huohuo alipewa Tuzo ya Nobeli ya Amani baada ya kufa. Nafasi yake ilichukuliwa na U Thant wa Burma. Kujitenga kwa Katanga kulikwisha mwezi Januari 1963, na jeshi la Umoja wa Mataifa liliondoka Kongo mwezi Juni 1964 likiwa limepoteza watu karibu 250. Kwamba amani ya kweli haikufika, sisi wenyewe ni mashahidi.

Tunajifunza nini? Kwenu watumishi wa mashirika: mkuu wenu wa zamani alikuwa na makosa, na moja lilikuwa kubwa, lakini alipotakiwa kuchagua kati ya kukaa ofisini na kwenda mahali penye hatari, alikwenda. Na mnapokaa mezani kuandika maelezo ya mtu, msimpime kwa nguo zake wala kwa Kiingereza chake. Mkata kuni aweza kuwa ndiye pekee aliyekuwa macho usiku huo.

Kwetu wakimbizi: kila mmoja wetu aliona jambo. Tuliona nani alikuja usiku, kwa njia gani, tarehe ngapi. Tusingoje miaka 50. Mwenye kujua kuandika na aandike katika daftari, mahali na siku. Asiyejua na amwite mtoto wake wa shule amwandikie, au aje kwa walimu, tutamwandikia. Si kwa ajili ya kisasi, ni ili siku ukweli utakapotafutwa, upatikane.

Mungu awarehemu wote 16 wa Albertina, na Lumumba na wenzake, na wote waliokufa Kongo wasiokumbukwa kwa majina.